Nani Alipe, na Alipe Lini?
Somo juu ya hospitali za Serikali na hospitali za watu binafsi



Muhula uliopita Chama cha Mjadala kilinipa heshima ya kukaa kitini kama mwenyekiti. Hoja ilikuwa hii: "Hospitali za watu binafsi ni bora kuliko hospitali za Serikali." Wasemaji walisema kwa ufasaha. Upande mmoja ulisifu vitanda safi na foleni fupi. Upande wa pili ulisema kwamba Serikali haimfukuzi maskini. Kura zilipohesabiwa wenye hoja walishinda. Lakini kabla hatujatawanyika, msichana mmoja wa Kidato cha Pili alinyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, na yule mgonjwa asiye na fedha alikuwa upande gani?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, wala sikumjibu, kwa sababu kengele ilikuwa imekwisha lia. Makala haya ndiyo jibu langu kwake. Nawaombeni mnivumilie nikianza na habari ya nyumbani kwetu, maana ndiko nilikojifunza somo hili kabla sijalisoma kitabuni.

Maksai wawili

Mwaka 1984 nilikuwa Darasa la Tano katika kijiji kimoja cha nyanda hizi za Karatu. Marehemu baba yangu alikuwa na maksai wanne, nao ndio waliotulimia mahindi na maharage. Mwaka ule mama alishikwa na uchungu wa kuzaa, akakaa nao siku mbili bila kujifungua. Alipelekwa kwenye zahanati. Matibabu pale yalikuwa bure, kama sheria ya nchi ilivyotaka, na mganga alikuwa mtu mwema. Lakini kabati la dawa lilikuwa tupu. Nchi yetu ilikuwa katika dhiki kubwa ya fedha za kigeni, baada ya bei ya mafuta kupanda duniani na baada ya vita ya Uganda ya mwaka 1978 na 1979. Mganga alimwambia baba, "Mzee, hapa sina kitu. Mkimbize hospitali."

Hospitali iliyokuwa na dawa na daktari wa kupasua ilikuwa ya dini, nayo ilitoza malipo. Tena ilikuwa mbali, na barabara ilikuwa ya vumbi. Baba aliuza maksai wawili usiku ule ule kwa bei ya mtu mwenye shida, akakodi gari. Mama alipasuliwa, akapona, na mtoto akapona. Lakini mvua zilipokuja tulikuwa na maksai wawili tu, na udongo wetu ni mzito. Tulilima nusu ya shamba. Mwaka uliofuata tulikula mahindi ya kununua.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili. Mwaka ule ule mwana wa mjane mmoja jirani yetu aliugua kifua. Alikuwa rafiki yangu, tukikaa dawati moja. Naye alipelekwa kwenye zahanati ile ile, akaandikiwa dawa katika cheti ili ikanunuliwe kwingine. Mjane yule hakuwa na maksai wa kuuza. Cheti kilikaa nyumbani siku nne. Siku ya tano tulikwenda kumzika rafiki yangu.

Kwa miaka mingi nilijiuliza ni nani wa kulaumiwa. Hospitali iliyotutoza maksai wetu ilimwokoa mama. Zahanati isiyotutoza hata senti haikuwa na la kutupa. Je, niseme kwamba hospitali za kulipia ni bora? Ningesema hivyo, dawati langu lisingekuwa na nafasi tupu.

Maswali matatu ya kutengana

Kosa la mjadala wetu lilikuwa hili: tulichanganya maswali matatu tukayafanya moja. La kwanza, ni nani mwenye jengo na mwajiri wa madaktari? La pili, ni nani alipaye gharama? La tatu, hulipa lini: kabla ya ugonjwa, au mgonjwa akiwa amekwisha lala kitandani?

Watu hudhani kwamba ukijua jibu la swali la kwanza umeyajua yote. Sivyo. Natutembee kidogo katika nchi nyingine, mtaona.

Uingereza. Tarehe 5 Julai 1948 nchi ile ilianzisha Huduma ya Taifa ya Afya. Waziri aliyeisimamia aliitwa Aneurin Bevan, mtu wa Wales ambaye katika ujana wake alifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe. Hospitali karibu zote zilifanywa mali ya taifa, na gharama zikalipwa kwa kodi. Mgonjwa aingiapo haulizwi fedha. Hata hivyo madaktari wa mitaani, wale wa kwanza kumwona mgonjwa, hawakufanywa watumishi wa Serikali. Waliendelea kujitegemea, wakilipwa na Serikali kwa mkataba. Wala neno "bure" halikudumu lilivyo. Mwaka 1951 yaliletwa malipo ya meno ya bandia na miwani, na Bevan akajiuzulu uwaziri kwa sababu ya jambo hilo. Mwaka 1952 dawa nazo zikaanza kutozwa kitu kidogo. Taabu kubwa ya mpango huu ni foleni: mwaka 2023 orodha ya waliokuwa wakingoja matibabu ya hospitali katika Uingereza yenyewe, bila ya Wales na Scotland, ilipita milioni 7.

Ujerumani. Huko walianza mapema zaidi, mwaka 1883, chini ya Bismarck. Sheria iliwalazimisha wafanyakazi wengi wa viwandani kuwa na bima ya ugonjwa. Mfanyakazi alitoa mafungu mawili ya mchango, na mwajiri fungu moja. Mpaka leo Wajerumani wapata 9 katika kila 10 wamo katika mifuko hiyo ya umma. Lakini hospitali zenyewe ni za namna nyingi: za miji na mikoa, za makanisa, na za makampuni. Mgonjwa hajali sana jengo ni la nani, kwa kuwa mfuko wake humlipia kokote.

Kanada. Mwaka 1962 jimbo la Saskatchewan lilianzisha bima ya matibabu kwa watu wote. Madaktari waligoma kwa siku 23 wakiogopa kufanywa watumishi wa Serikali. Mwisho walipatana: daktari abaki na ofisi yake, lakini malipo yatoke katika mfuko wa jimbo. Baadaye nchi nzima ilifuata njia hiyo. Hapa basi daktari ni mtu binafsi, na mlipaji ni Serikali. Mtaiita huduma ya umma au ya binafsi? Mnaona jinsi majina yanavyotudanganya.

Marekani. Taifa hili lina hospitali zenye sifa na madaktari mahodari sana. Wengi hupata bima kupitia kwa waajiri wao, nazo kampuni za bima ni za watu binafsi. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya mifuko miwili ya Serikali, mmoja wa wazee wa miaka 65 na zaidi, na mwingine wa maskini. Mwaka 2010 ilipitishwa sheria nyingine ya kuwaongeza wasio na bima. Hata hivyo mwaka 2023 watu wapata milioni 26 walikuwa hawana bima yoyote. Jambo la kushangaza ni kwamba Marekani hutumia katika matibabu zaidi ya dola 17 katika kila dola 100 za pato la nchi, hali Uingereza hutumia kama 11 katika 100, na bado Mwingereza kwa kawaida huishi miaka mingi kuliko Mmarekani.

Rwanda. Msidhani mambo haya ni ya matajiri tu. Jirani zetu walianza kujaribu bima ya jamii mwaka 1999. Kila mtu hutakiwa kuingia, mchango hutofautiana kwa uwezo wa kaya, na walio maskini kabisa hulipiwa. Zaidi ya watu 8 katika kila 10 wamekuwamo.

Kenya. Walikuwa na mfuko wa taifa wa bima ya hospitali tangu mwaka 1966. Mwezi Oktoba 2024 waliuondoa wakaweka mfuko mpya wa afya ya jamii, ambao mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake.

Tufupishe. Katika nchi hizi jengo ni la huyu au la yule. Lakini kila palipo na usalama kwa maskini, fedha hukusanywa kutoka kwa watu wengi kabla ya ugonjwa, na kuingia katika mfuko si jambo la hiari tu.

Sasa turudi nyumbani

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Serikali yetu ilikaza nia ya kupeleka zahanati vijijini. Mwaka 1977 ikatungwa sheria ya kukataza hospitali za kutafuta faida. Zile za mashirika ya dini ziliachwa ziendelee. Miaka ya shida ilipofika, majengo yalikuwapo lakini dawa zilipungua, kama nilivyowasimulia. Mwaka 1991 hospitali za watu binafsi ziliruhusiwa tena. Mwaka 1993 hospitali za Serikali nazo zikaanza kutoza ada, tukaambiwa ni kuchangia gharama. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo waliwekwa katika kundi la kusamehewa malipo.

Katika sehemu zetu hizi, ule mpaka kati ya Serikali na binafsi ni kama mpaka wa ukungu katika kingo za kreta: wauona ukiwa mbali, ukiukaribia hauupati. Loliondo iko hospitali ya Wasso, iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki. Kwa miaka mingi ilikuwa hospitali teule ya Wilaya ya Ngorongoro. Maana ya "teule" ni kwamba kanisa lina jengo, na Serikali hutoa watumishi na fedha kwa mapatano. Wafugaji wa Endulen, ndani ya eneo la hifadhi lililoanzishwa mwaka 1959, kwa miongo kadhaa walitibiwa katika hospitali iliyojengwa na kanisa hilo hilo, na ndege ndogo za waganga zilitua katika viwanja vya nyasi kuwachanja watoto. Hapa mjini Karatu iko hospitali ya Kanisa la Kilutheri, na iko FAME, iliyoanza mwaka 2008 kwa juhudi za daktari Mmarekani Frank Artress na mkewe Susan Gustafson, ikitegemea kwa sehemu kubwa misaada ya wafadhili. Kusini, Haydom, iko hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa na Wanorwei mwaka 1955. Mtu akiniuliza kama hizi ni za umma au za binafsi, nitamwuliza kwanza: anayelipa ni nani?

Habari ya kikombe

Wazazi wengi wanakumbuka mwaka 2011. Katika kijiji cha Samunge, huko Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Watu walikuja kwa maelfu kutoka Tanzania nzima, Kenya na nchi nyingine. Magari yalipanga foleni kilomita nyingi. Wako wagonjwa waliotoka vitandani hospitalini ili wafike kule, na wako waliofia njiani na katika foleni. Haikuthibitishwa kwamba kikombe kile kiliponya maradhi yaliyotajwa.

Sisemi haya ili nimcheke mtu. Wengi walikwenda kwa sababu walikuwa wamechoka kulipa. Lakini natujifunze mambo mawili. Kwanza, bei ya kikombe siyo bei ya matibabu. Kikombe kilikuwa shilingi 500, lakini nauli, chakula na siku za kazi zilizopotea zilikuwa mara nyingi zaidi. Ndivyo ilivyokuwa kwa baba yangu: sehemu ya maksai ilikwenda kwa mwenye gari. Mtu wa Nainokanoka au wa bonde la Eyasi akiambiwa huduma ni bure, bado atauliza, "Nifikeje huko?"

Pili, dawa si kama kitunguu cha Mang'ola. Kitunguu waweza kukishika, ukakinusa, ukaenda kwa muuzaji mwingine kama hukukipenda. Mgonjwa hajui auziwacho ni nini, tena hana nafasi ya kuzunguka sokoni. Mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, alilieleza jambo hili mwaka 1963: soko la matibabu si soko kama masoko mengine, kwa kuwa muuzaji anajua na mnunuzi hajui, na hakuna ajuaye ataugua lini. Kwa hiyo hata palipo na hospitali nyingi za binafsi, Serikali haiwezi kukunja mikono. Ni lazima ikague, ipime na ikataze.

Hesabu ya kijiji

Chukueni kalamu. Tuseme kijiji kina kaya 100, na kila mwaka kaya 3 hupata ugonjwa wa kugharimu shilingi 600,000 kila moja. Jumla ni 1,800,000. Kaya zote zikichanga, kila moja itatoa 18,000. Hakuna atakayeuza maksai.

Sasa tuseme kuchanga ni hiari, na walio wazima waseme, "Mimi siumwi, ya nini nitoe?" Wanaingia kaya 20 tu, zile ambazo tayari zina mgonjwa ndani, na zile kaya 3 zote zimo. Kila moja itapaswa kutoa 90,000. Baadhi watashindwa watoke. Wakibaki 10, ni 180,000 kila mmoja. Mfuko unakufa, ingawa hakuna aliyeiba hata senti.

Hii ndiyo taabu iliyoukuta Mfuko wa Afya ya Jamii, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2001. Mwaka 2018 ulipoboreshwa, mchango wa kaya ya watu 6 uliwekwa kuwa shilingi 30,000 kwa mwaka katika mikoa yetu. Hata hivyo wengi hawakuingia. Sisi watumishi wa Serikali tulikuwa na mfuko wetu tangu mwaka 2001, ambao sheria iliweka mtumishi akatwe asilimia 3 na mwajiri aongeze 3, nasi hatukuulizwa kama twapenda. Mwanzoni nilinung'unika kila mwisho wa mwezi. Siku mwanangu alipovunjika mguu nilinyamaza. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na shabaha yake ni hiyo hiyo: wengi wachange kabla, wasio na uwezo wachangiwe.

Ni haki niseme upande wa pili pia. Wazazi wengine hawakukataa mfuko kwa ubahili. Walichanga, wakaenda, wakaandikiwa dawa za kununua kwingine. Mtu aliyelipa akakuta kabati tupu hatalipa tena, nami siwezi kumlaumu. Mfuko ni ahadi, na ahadi hutimizwa kwa dawa iliyomo katika kabati. Bima bila ya dawa ni kama plau bila ya maksai.

Jibu langu

Basi, binti uliyeuliza swali, jibu langu ni hili. Mgonjwa asiye na fedha hakuwa upande wowote katika mjadala ule, maana sisi sote tulikuwa tukisifu au kulaumu majengo. Yeye hahitaji jengo la huyu au la yule. Ahitaji mambo matatu pamoja: mahali pa karibu penye dawa na mtu mwenye ujuzi, mfuko uliokwisha kumlipia kabla hajaugua, na Serikali yenye macho ya kuzikagua hospitali zote, zake na za wengine. Likikosekana moja, mawili yaliyobaki hayamfai. Mwaka 1984 sisi tulikosa dawa, na jirani yetu alikosa dawa na mfuko pia.

Wazazi, nawaombeni jambo moja. Mkiitwa katika mkutano wa kijiji kuzungumza habari za bima, nendeni. Ulizeni mchango ni kiasi gani, ulizeni dawa zimo, ulizeni kaya zisizo na uwezo zitaandikwa na nani. Msingoje mpaka usiku wa kukodi gari. Usiku huo kila kitu huwa ghali, na maksai huuzwa rahisi.

Baba aliwapata maksai wengine wawili baada ya miaka mitatu. Dawati langu halikupata mtu mwingine mpaka nilipomaliza Darasa la Saba.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya mwenye hospitali na mlipaji wa matibabu. Toa mfano wa nchi moja ambapo hao ni wawili tofauti.
2. Kwa nini mfuko wa hiari hudhoofika? Fanya hesabu ya kijiji tena, ukitumia kaya 200 na wagonjwa 5.
3. Nenda nyumbani, uwaulize wazazi: mara ya mwisho mtu wa kwetu alipougua sana, nauli ilikuwa kiasi gani, na matibabu kiasi gani? Lete majibu darasani bila kutaja jina la mgonjwa wala la hospitali.
4. Chama cha Mjadala kitajadili tena muhula ujao. Tunga hoja iliyo bora kuliko ile ya kwanza.